Jinzi Ibaki Nyumbani: Nguo na Vifaa vya Siku ya Kwanza ya Snoubodi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na mke wangu tunaishi Aurora, Colorado, huu ni mwaka wa pili. Wenzangu kazini wametualika twende nao Loveland, kituo cha michezo ya theluji mlimani, Jumamosi moja ya Januari tukajifunze snoubodi. Mimi ni mtu wa Moshi, nilifanya upagazi Kilimanjaro misimu mitatu, na bado ninalo koti langu la manyoya ya bata na buti za mlimani. Mke wangu ni wa Tanga, anavaa hijabu, na nywele zake amesuka. Tuvae nini, tubebe nini, na kipi cha lazima kununua maana hela si nyingi? Na hili koti langu litafaa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hilo swali lako la koti limebeba yote uliyouliza, kwa hiyo naanza nalo, ingawa litakakoishia koti lenyewe nitakuambia mwishoni.

Kilimanjaro ulikuwa unatembea. Ulikuwa wima kutwa, mzigo kichwani, na kilichokutesa kilikuwa upepo na baridi ya usiku kambini. Anayejifunza snoubodi hatembei, anakaa. Anakaa kwenye theluji kufunga ubao miguuni, anateleza mita tano, anaanguka, anapiga magoti, anajiinua kwa mikono, anaangukia upande wa pili. Katika saa mbili za mwanzo wengi wa wanafunzi wangu wanakuwa chini muda mrefu kuliko wanavyokuwa wima, na hilo si kosa lao, ndivyo mchezo huu unavyofundishika. Sasa ile theluji unayoikalia inayeyushwa na joto la mwili wako, inageuka maji, na maji yanatafuta pa kupenya. Hivyo siku ya kwanza unavaa kwa ajili ya maji kwanza, baridi inafuata. Mtu mkavu kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri anacheza mpaka jioni. Mtu aliyelowa makalio hafiki adhuhuri, hata jua liwe linawaka.

Mimi siku yangu ya kwanza nilivaa jinzi, na chini yake suruali ya ndani ya pamba. Kufika saa nne na nusu asubuhi jinzi ilikuwa imelowa, ikaganda, ikawa ngumu kama bati, na mapaja yangu hayakuwa na hisia. Nilikaa ndani siku nzima iliyobaki, tiketi nimeshalipia. Tangu nianze kufundisha nimewaona wengi wakirudi ndani hivyo hivyo, na karibu wote wamevaa pamba. Pamba inanyonya maji na kuyashikilia, na maji yanayafukuza joto la mwili haraka sana. Kwa hiyo hakuna jinzi, hakuna fulana ya pamba, hakuna soksi za pamba, hata iliyo ndani kabisa isiyoonekana.

Kitu cha kwanza kukitafuta ni suruali ya theluji isiyopitisha maji. Wengi wanahangaikia koti, suruali wanaikumbuka usiku wa kuamkia safari. Mimi nakwambia ugeuze. Koti la wastani na suruali nzuri vitakufikisha jioni, koti la bei mbaya na suruali mbovu havitakufikisha. Kwenye lebo tafuta namba ya milimita. Namba hiyo ni urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuubeba kabla hakijavuja. Kwa mtu atakayekaa kwenye theluji kutwa, 10,000 inatosha. 5,000 inafaa kusimama, si kukaa. Chini ya mguu suruali iwe na kile kitambaa cha ndani chenye mpira kinachobana juu ya buti, maana bila hicho theluji inapanda hadi kwenye soksi.

Usinunue mpya. Kwanza waulize hao wenzako waliowaalika. Nyumba nyingi za Colorado zina suruali mbili tatu za theluji zimelala kabatini, na watu hawaoni taabu kuziazima. Ukikosa, nenda maduka ya mitumba. Wewe umekulia Moshi, mtumba unaujua kwa vidole. Vuta zipu yote juu na chini, kagua magotini na makalioni kama kitambaa kimechujuka, geuza ndani uone kama mishono imezibwa kwa utepe. Kisha nyunyiza maji kidogo kwa kidole. Yakibingirika kama juu ya jani la gimbi, kitambaa bado kizima. Yakisambaa na kuacha doa jeusi, kinga ya juu imekwisha. Unaweza kuirudishia kwa dawa ya kupuliza inayouzwa maduka ya michezo, ila punguza hiyo gharama kwenye bei. Chagua kipana kidogo. Utachuchumaa na kupiga magoti mara mia, na suruali inayobana inakuchosha kabla ya ubao kukuchosha.

Koti la nje fuata kanuni hiyo hiyo ya maji, lishuke hadi chini ya kiuno ili ukiinama mgongo usiwe wazi, na liwe jepesi, lisilojazwa kitu kizito. Joto litoke ndani: nguo ya kugusa ngozi, ya sufu nyembamba au polyesta, juu na chini, halafu sweta la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi, halafu koti. Basi. Hata siku ya baridi kali ni afadhali kuongeza flisi ya pili kuliko kuvaa koti zito. Na hapa upagazi wako utakusaidia kuliko ninavyoweza kukufundisha, kwa sababu unajua kwamba mtu anaondoka kambini akisikia baridi kidogo, maana baada ya robo saa atapata joto. Snoubodi ni hivyo hivyo. Kujiinua kutoka chini mara arobaini ni kazi ya jasho, na jasho nalo ni maji. Ukiona kifua kinalowa, fungua zipu za kwapani au vua flisi ungali mkavu.

Tukija miguuni, buti zako za mlimani haziwezi kutumika. Ubao una vifungo vilivyotengenezwa kushika buti za snoubodi tu, na hizo mtazikodi pamoja na ubao na helmeti. Anayeanza asinunue ubao. Mnapokodi mtaulizwa urefu, uzito, namba ya kiatu na mguu upi unatangulia. Hilo la mwisho lijueni kabla ya safari: vaa soksi, kimbia hatua tatu kwenye sakafu laini kisha jiachie uteleze. Mguu uliouweka mbele bila kufikiri ndio huo. Ukiwa wa kulia usishangae, kuna wengi.

Kwenye kaunta ya kukodi ndipo ninapotaka msiwe na haraka. Buti zinazoumiza zinaharibu siku kuliko mvua ya theluji. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu. Ukikunja magoti, vijivute nyuma. Kisigino kisinyanyuke hata ukijiinua kwa vidole. Kikinyanyuka, omba namba ndogo zaidi bila aibu, wamezoea. Vaa jozi moja ya soksi, ya sufu, ndefu hadi karibu na goti. Najua mkono utakuvuta kwenye jozi ya pili kwa ajili ya joto. Jozi ya pili inabana mguu, damu haipiti vizuri, na mguu usiopata damu ndio unaopoa. Suruali ya ndani nayo usiichomeke ndani ya buti. Ipandishe iishie juu yake, maana ule mkunjo mdogo wa kitambaa kwenye muundi, baada ya saa tatu, unauma kama kidonda.

Mikononi ndipo penye kutumia hela. Glavu za kufumwa za dukani kwa dola chache hazifai hata kidogo. Zinashika theluji, zinalowa, zinaganda. Nunueni zisizopitisha maji, na kama mnaweza, za mfuko, zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake. Vidole vikigusana vinapeana joto. Ziwe ndefu kupita mkono wa koti, na zenye kamba ya kuvaa kifundoni ili usizidondoshe ukiwa kwenye lifti ya viti, vile viti vinavyoning'inia kwenye kebo kupandisha watu mlimani. Bebeni jozi ya pili, hata ya mtumba, ibaki kavu garini hadi mchana.

Ndani ya glavu hizo vaeni kinga za vifundo vya mikono. Ni kipande cha plastiki ngumu chenye kitambaa cha kufungia, wanazovaa pia watoto wa viatu vya magurudumu, na bei yake ni ndogo. Jeraha linalowapata zaidi wanaoanza snoubodi ni kifundo cha mkono kuteguka au kuvunjika. Sababu yake ni silika yetu sote: ukianguka unanyoosha mkono, kiganja wazi, kuzuia ardhi isije. Uzito wote unashukia mifupa midogo. Jizoezeni nyumbani kwenye zulia. Ukiangukia mbele, kunja ngumi, magoti yatangulie, kisha mikono ya mbele kuanzia kiwiko hadi ngumi itue kwa pamoja. Ukiangukia nyuma, chuchumaa kwanza ili uwe karibu na ardhi, kidevu kibane kifuani, mikono ikumbatie kifua, ukabingirike mgongo. Kwa huko nyuma kuna kaptula yenye sponji inayovaliwa chini ya suruali. Siyo lazima, lakini shemeji akiniuliza, nitamwambia aitafute, kwa sababu ubao ukikamata theluji kwa ukingo wa kisigino unakuangusha ghafla, na aliyeangukia kifandugu siku ya kwanza huwa harudi siku ya pili.

Sasa suala la kichwa cha shemeji, na nashukuru umelitaja, maana watu wetu wanalikuta kaunta wakati foleni iko nyuma yao. Helmeti wote wawili muivae, hilo sijadiliani nalo. Nayo inafanya kazi ikikaa kichwani barabara: ifike vidole viwili juu ya nyusi, na ukitikisa kichwa, ngozi ya paji isogee nayo. Misuko ikifungwa fundo utosini, helmeti inaelea juu ya nywele na haikingi kitu. Azikusanye chini kabisa kisogoni, au azilaze mgongoni ndani ya koti. Aipime helmeti akiwa na nywele kama zitakavyokuwa siku hiyo, pamoja na hijabu atakayoivaa. Hijabu iwe ya kitambaa kinachovutika, chembamba, cha kuvaa kwa kupitisha kichwani, isiyo na pini hata moja, kwa sababu pini chini ya helmeti ni hatari akianguka. Pamba hapana. Zile za michezo za polyesta ni nzuri sana, na zitamkinga masikio na shingo, kiasi kwamba hatahitaji kofia ya ndani. Ncha zake zote aziingize ndani ya koti. Kitu chochote kinachopepea, skafu, mtandio au kamba ya mkoba, kinaweza kunaswa kwenye kiti cha lifti. Kama anataka sitara zaidi, koti refu la kufika mapajani na suruali pana vinatosha. Baibui haliwezekani ubaoni. Mwambie ajaribu suruali za kiume pia, mara nyingi zimekatwa pana zaidi.

Miwani ya theluji ni ya lazima hata kukiwa na mawingu. Miwani ya jua ya kawaida inaruka mtu akianguka, na upepo unapita pembeni. Ikipata ukungu usiifute kwa ndani, ipe hewa tu, na usiipandishe juu ya paji ukipumzika, maana hapo inanyonya jasho lako. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno inayoipiga, na kila mita 1,000 unazopanda miale hiyo inaongezeka kwa karibu asilimia 10. Kwa hiyo jua la Loveland linakuja kutoka juu na kutoka chini. Wewe umewaona wageni Kilimanjaro walivyokuwa wakichubuka pua. Ngozi yetu nayo inaungua, ila inaungua kimya kimya, unakuja kujua jioni. Pakeni losheni ya kuzuia jua nusu saa kabla, mfike hadi chini ya kidevu na chini ya pua, mrudie mchana. Mafuta ya mgando yanalainisha midomo lakini hayazuii jua, kwa hiyo tafuteni mafuta ya midomo yenye kinga.

Jambo jingine la ngozi ambalo vipeperushi vya huku havitaji. Wanasema ukiganda ngozi inakuwa nyeupe au nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi rangi inaweza kufifia ikawa kijivu, au usione mabadiliko yoyote. Msitegemee macho. Kidole, sikio au ncha ya pua ikiwa inauma kisha maumivu yakaisha yenyewe pasipo joto, hiyo ndiyo dalili. Ingieni ndani hapo hapo, mkono uwekeni kwapani, msiusugue, na kamwe msisugue kwa theluji.

Kuhusu mwinuko, wewe una kipimo ambacho wanafunzi wangu wengine hawana. Zile kambi za Kilimanjaro, Mandara ni mita 2,720, Horombo ni mita 3,720. Chini ya Loveland, pale mnapoegesha gari, ni karibu mita 3,290. Yaani mtakuwa katikati ya Mandara na Horombo, nanyi mmetoka Aurora kwenye mita 1,650 hivi kwa mwendo wa gari wa saa moja na kitu, bila ile siku ya kupanda polepole. Kuishi Aurora mwaka mzima kumewasaidia, lakini kunyweni maji tangu Ijumaa, mle vizuri, na kichwa kikimuuma shemeji pamoja na kichefuchefu, dawa yake unaijua: kushuka. Wanaoanza hawahitaji kupanda juu zaidi. Loveland wana sehemu yao ya wanafunzi, Loveland Valley, yenye mteremko mpole, na kutwa nzima mnaweza kuimaliza hapo. Chukueni somo la mwalimu wa pale badala ya kufundishwa na wenzako. Wenzako wanakupendeni, lakini watawapeleka mahali pasipowafaa kwa sababu wao hawakumbuki tena kuogopa. Nunueni tiketi, somo na vifaa kwa pamoja mapema. Dirishani siku yenyewe ni ghali zaidi.

Mkoba msipande nao. Kamba zake zinanasa kwenye lifti, na ukianguka nao mgongoni unauma. Mfukoni wekeni mafuta ya midomo, karanga au kipande cha chokoleti, kitambulisho na kadi ya benki. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu betri inakufa haraka ikipoa. Mengine yote yabaki garini: soksi kavu, nguo kamili za ndani za kubadilisha, viatu vya kawaida vya kutembelea, maji, chupa ya chai ya tangawizi, na chakula. Chakula cha mlimani kina bei kubwa, na maandazi au chapati hazilali zikikaa kwenye gari baridi.

Na gari lenyewe. Kama mnaenda na lenu, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31 sheria ya Colorado, kwenye barabara ya I-70 kati ya Morrison na Dotsero, inataka gari liwe na uwezo wa kushika theluji, na Loveland iko ndani ya kipande hicho. Mifereji ya tairi isipungue inchi 3/16, karibu milimita 5, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne liwe na tairi zinazofaa theluji au libebe minyororo. Kama tairi zenu zimeisha, pandeni na wenzako. Ondokeni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, maana Jumamosi ya Januari barabara ile inajaa, na wekeni blanketi nyuma.

Hela zikiwa kidogo, basi, nunueni hivi kwa mpangilio huu: glavu, soksi, kinga za vifundo, miwani, nguo za kugusa ngozi. Suruali na koti vya kuazima au mtumba. Ubao, buti na helmeti vya kukodi.

Koti lako la bata usilivae ubaoni. Manyoya ya bata yakilowa yanashikana mabonge na joto lote linaondoka, nawe utakuwa chini kwenye theluji kutwa. Lakini usiliache Aurora. Lilale garini pamoja na hayo mavazi makavu, na kama wewe na shemeji mnatoshana umbo, tafuteni la pili. Saa tisa alasiri mkimaliza, vueni kila kilicholowa, vaeni kikavu, kisha koti juu, mfungue ile chupa ya chai mlangoni mwa gari. Foleni ya kurudi Denver itakuwa imeshaanza, hivyo hamtakuwa na haraka.